Mtumbwi Nilioukataa

Msinicheke sana, bado nauguza aibu. Nina duka hapa Garsen, na mwaka huu nililikatia bima ya mafuriko. Wakala kutoka Mombasa alinieleza masharti yote, nami nikawa naitikia tu kwa kichwa kama mjusi.

Mto Tana ulipofurika, jirani yangu Komora alileta mtumbwi hadi mlangoni. "Tutoe mali, ndugu yangu."

Nikacheka. "Wacha iloe! Ina bima."

Nikapanda juu ya tuta, nikakaa nikitazama maji yakimeza magunia ya sukari na cherehani ya mke wangu Halima, ambaye alikuwa kwao Ngao. Aliporudi nilimwambia maji yalikuja ghafla.

Juzi wakala akaja. Kwa kujiamini kwangu, nikamwita Komora awe shahidi.

"Maji yalikuwa mengi, bwana," Komora akasema, akitaka kunisaidia. "Nilimletea mtumbwi, akakataa. Alisema mali ina bima."

Wakala akafunga kalamu yake. "Nilikuambia, mwenye mali lazima aokoe anachoweza."

Halima, aliyekuwa amesimama kando akisikiliza, hakumtazama wakala. Alinitazama mimi.

"Kumbe hata cherehani yangu ulikaa ukiitazama?"