Maneno ya Binti wa Ku Ngazi

Siku ya kwanza ya kazi yangu, Patron, mwenye salle ya video, nyumba ya kuonyeshea filme pale Butembo, alinikuta ku mulango wake nikiuzisha beignets, mandazi yangu. Mufasiri wake, mwalimu mumoja wa Kasai, alikuwa amekimbia vita. "Mama Masika," akasema, "weye uko na kinywa. Ingia ufasirie." Nikamwambia lakini sijue Kiingereza. "Na bale mule ndani habakijue," akajibu.

Bajukuu, kufasiria filme ilikuwa hivi: unasimama pembeni ya televisheni, na kila mutu anayefungua kinywa mule, unamupatia maneno kwa Kiswahili. Unaangalia macho yake kwanza, kisha mikono. Mama unamupatia sauti nzito, mwizi sauti ya pua. Tulionyesha muchana, juu ya couvre-feu, ile amri ya kutotembea usiku, ili kila mutu afike kwake mbele ya giza. Madirisha tuliyafunika na mablanketi. Nje ukungu, ndani usiku wa kutengenezwa, na groupe, ile mashine ya umeme, ikinguruma nyuma ya ukuta kama mutu mwenye usingizi. Mara zingine sikujua tena kama ninaota miye ao inaota televisheni.

Siku moja Opérateur, Baba Paluku, mwenye kusafisha makaseti na pamba, alitia filme ya kuchekesha ya banafunzi. Kulikuwa binti wa miwani minene, anabeba bata ndani ya mufuko wa vitabu, anakula peke yake ku ngazi ya mulango wa shule. Batu bakacheka mupaka benchi zikalia.

Kahindo, binti mumoja wa mutaa wetu, hakucheka. Basoda balikuwa bamemubeba kwa nguvu mu pori ya Manguredjipa, na tangu arudi, hakuna aliyetaka kukaa naye. Akiketi ku benchi, benchi yote inahamia upande. Asubui ile alikuwa ameniambia, "Mama Masika, kesho ninarudia mu pori. Kule angalau banasemaga na miye."

Mutu mumoja nyuma akasema, "Kahindo, ona dada yako." Kicheko kikapanda tena.

Hapo binti mwingine, wa nywele za kupendeza, akashuka ngazi, akaketi karibu na ule wa bata. Nikamupatia maneno polepole, "Sogea. Nimekuja kukaa na weye. Bacheke, batachoka."

Mama Kyakimwa, muuza sabuni, akasimama na kitunga chake, akaenda kwa Kahindo, akamwambia asogee kidogo, kitunga ni kikubwa.

Kisha Patron aliniuliza kama ninafasiria ao ninahubiri. Nikamujibu kwamba miye ninauzisha beignets.

Kesho yake Kahindo hakurudia pori. Alikuwa soko, anapanga sabuni na Kyakimwa.

Leo salle ile ni depo ya simenti. Kazi yangu haikuwa na pension. Nilibakia na sauti tu. Ninaishi Beni, mu mutaa wa Beu, kwa binti yangu. Kahindo anauzisha samaki ya ziwa, ya Kyavinyonge, ku soko ya hapa, na akimaliza anapitiaga kunisalimia.

Juzi mujukuu wangu Kavira, mwenye kusoma Kiingereza, alitafuta filme ile mu telefone, kisa bata tu. Akaipata. Tukaiangalia sisi batatu, miye, yeye na Kahindo, vichwa pamoja, picha ndogo kama kioo cha mufukoni. Bata ikapita. Ngazi ikafika. Binti wa nywele akashuka, akaketi, na mule ndani kukawa kimya.

"Lakini Koko," Kavira akaniambia, "hapa hasemi kitu."

Kahindo hakuondoa macho ku telefone.

"Alisema," akamujibu. "Miye nilikuwa pale."