Jembe la Pipa

Ule mwaka posho ya unga ilichelewa, watoto wangu wakaanza kulala na uji wa maji. Nilipata kishamba nje ya Likasi, njia ya Kambove. Mvua ilikuwa karibu. Jembe sikuwa nalo, na dukani hayakuwapo.

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za kuponda mawe ya shaba. Akanifanyia jembe kwa bati la pipa, akiligonga baridi juu ya kipande cha reli. Chuma cha pipa kina kaboni kidogo, alisema, kwa hiyo kina huruma. Ukikigonga kinakaza, kama bukari, ugali wetu, inavyokaza chini ya mwiko. Kikikaza mno, unakitia mu makala ya jiko la mbabula, kinapoa polepole ndani ya majivu, kinalegea tena. Lakini udongo wa kichuguu ulilikunja jembe siku ya kwanza.

"Tata, hii ni jembe ao ni kijiko?" nikamwambia mume wangu.

"Ngoja, mama. Iko chuma ingine, ile mawe inaogopa."

Akaleta bamba la ndani ya mashine, lililotupwa, limelika mpaka likawa jembamba. Chuma kile kina madini ya manganezi mengi. Mawe yakizidi kukipiga, nacho kinazidi kukaza. Alipoligonga, nyundo ikawa inaruka tu. Basi akafanya kama kwa pipa: moto, kisha majivu. Asubuhi akaligonga.

Halikukunjika. Lilipasuka kama sahani, na kipande kikaingia katika jicho lake la kulia. Niliokota kingine. Ndani punje za chuma zilikuwa kubwa, kavu, kama chumvi ya mawe.

Mwenzake wa kiwanda cha kuyeyusha chuma alikuja kumwona hospitalini.

"Ndugu, chuma ile inatoka mu moto, inaingia mu maji palepale. Ukiiacha mu majivu, kitu kibaya kinajenga katikati ya punje."

"Weye unaniambia leo," mume wangu akasema.

Jicho likafa. Kazini wakampa ufagio.

Shamba nililima minye, peke yangu, na jembe lile la pipa. Kila jioni nililinyoosha kwa nyundo, mimi ambaye masista walinifundisha kusoma kidogo na kushona. Yeye hakutaka tena kushika nyundo. Alikaa pembeni, kitambaa usoni, anasikiliza. Mlio ukianza kuwa mkavu, alisema, "Inatosha, mama. Itapasuka. Tia mu moto."

Watoto wangu walikula mahindi ya jembe lile. Mwaka ule sikuzika hata mmoja.