Maji ya Chatine ya Dhapu Bai

Dhapu Bai alikuwa mpishi wa karamu za harusi mjini Bikaner, na nyumbani kwake hapakukosekana mabaki ya chatine na achari. Mwaka mmoja ndimu ziliadimika katikati ya joto kali. Mumewe Bhanwar, seremala mstaafu aliyezoea sharubati ya ndimu kila mlo, akawa ananuna tu.

Dhapu akakoroga chatine ya ukwaju kwenye maji ya mtungi, akatia jira iliyokaangwa, nanaa na chumvi nyeusi.

"Nini tena hii, Mama Pushpa?" Bhanwar akauliza, akimwita mkewe kwa jina la binti yao. "Maji ya kusuuzia sufuria?"

"Kunywa kwanza. Matusi baadaye."

Bhanwar akanywa, akaomba tena. Dhapu akajaribu na maji ya achari ya maembe. Hayo ndiyo yaliyomtia wazimu kabisa. Akawa anayanywa tangu asubuhi.

Baada ya wiki chache miguu ikamvimba hata viatu vikakataa kuingia, na kichwa kikawa kinazunguka. Zahanati wakampima, wakakuta presha imepanda sana. Daktari akauliza anakunywa nini. Dhapu akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyopungua. Achari ile aliitia chumvi nyingi ili ikae mwaka mzima, na mtu huila kidogo tu pembeni ya mkate. Yeye alikuwa akimnywesha mumewe kwa jagi.

Jirani yao Mohini hakumwonea huruma. "Shoga, ulitaka kumhifadhi mumeo kwenye chupa?"

Dhapu akaanza kuloweka ukwaju mtupu, bila chumvi, na sukari guru kidogo mno.

"Hiki kimekufa," Bhanwar akalalamika.

"Afadhali kife chenyewe kuliko wewe."

Siku moja Dhapu akamkosa nyumbani. Akamkuta uani kwa Mohini, glasi ya maji ya achari mkononi.

"Nilikuja kurudisha glasi yao," akasema Bhanwar.

"Ikiwa imejaa?"

Mohini akajifanya anaanua nguo. Dhapu akaichukua ile glasi, akainywa yote palepale, macho yakamtoka kwa ukali wa chumvi. "Ndiyo haya niliyokuwa nakupa?" akauliza, akaketi chini akilia.

Bhanwar hakuwahi kumwona akilia. Akamsaidia kuinuka, wakarudi nyumbani. Tangu siku hiyo alikunywa ukwaju wake akilalamika, lakini aliumaliza, na uvimbe wa miguu ukapungua taratibu mpaka akavaa viatu.