Mkwe Ambaye Hajawahi Kumwona Akila

Esteria alikula peke yake, na hakuna aliyeshangaa. Tangu ahamie Ngulyati kwa binti yake Jenipha, heshima ilitaka hivyo: mama hali mbele ya mkwe wake wa kiume. Sahani yake ilipelekwa chumbani, mlango ukarudishwa. Kwa hiyo ugali ulipomkwama kooni na maji yakarudi kupitia puani, alijua yeye na kuta tu. Kilichobaki aliwatupia kuku dirishani.

Asubuhi alikuwa mtu kamili. Jua likishasogea, kope zilianguka zenyewe na maneno yakatokea puani. Siku moja mnadani mwanamke mmoja akacheka, "Jamani, Esteria naye anapiga gongo mchana!" Mjane wa Mwalimu Januarius, mlevi! Akaacha kwenda mnadani, akaacha na kwaya.

Baadaye, hospitali ya rufaa Mwanza, picha zilionyesha uvimbe kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Ndio ulioambatana na ugonjwa wa ulegevu wa misuli ulioangusha kope zake. Jenipha alikuwa na kichanga, hivyo aliyemsindikiza ni mkwe, Luhaga. Alikaa viti viwili mbali naye, uso kaugeuzia dirishani.

"Uvimbe bado uko ndani ya ganda lake," daktari alisema. "Na ugonjwa wenyewe haujakaa miaka mingi. Hayo yanatusaidia. Sasa, mama anapaliwa? Chakula kinamkwama?"

"Hapana, daktari," Luhaga alijibu haraka, kama mwenye nyumba aliyeguswa. "Kwangu mayu, mama yetu huyu, anakula vizuri. Sahani inarudi tupu."

"Afadhali. Anayepaliwa kabla ya upasuaji, misuli ya kupumua inaweza kugoma baadaye. Huyo tunamwimarisha kwanza kwa dawa. Basi, kwa kuwa mama hapaliwi, kesho tunampasua."

Esteria alitazama sakafu. Akisema, atamwumbua mkwe mbele ya mgeni, na huko Ngulyati watasema mama mkwe alishinda njaa nyumba ya watu. Akinyamaza, kesho huenda asiamke.

"Baba," Esteria alimwita mkwe wake, "nipe maji."

Luhaga alimpa kikombe, akainuka atoke.

"Usitoke. Kaa unitazame."

Alikunywa. Kikohozi kilimshika, maji yakamtoka puani hadi kwenye kitenge. Luhaga aliziba uso kwa kiganja, kisha akakishusha taratibu.

"Mayu! Tangu lini?"

"Tangu tuvune pamba."

Daktari aliahirisha upasuaji. Esteria angelazwa, dawa zipangwe upya, mpaka ameze na kupumua bila shida.

Luhaga alisimama mlangoni na mfuko wake. "Nyumbani nisemeje?"

"Sema daktari amesogeza siku. Ya maji usiyaseme."

"Hata kwa Jenipha?"

"Hata kwake."

Akaenda kuwahi basi la Bariadi. Mchana muuguzi alileta uji, akakaa kumtazama akimeza. Esteria alimeza kidogo, akapumzika, akameza tena, kwa aibu ya mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu.