Spana ya Mshale na Kilo Zangu Ishirini na Nne

Enzi zetu mtoto alikuwa na kazi nyingi nyumbani. Kufagia uwanja, kuchota maji, kuchambua mchele, kufukuza kuku wa jirani. Kwetu Kilosa, pale Magomeni, mimi nilikuwa na moja zaidi ambayo mpaka leo sijasikia mtoto mwingine akiwa nayo: kazi ya kuwa na uzito unaojulikana.

Nianze na baba. Alikuwa fundi wa magari kwenye karakana ya shamba la mkonge. Ulipofika ule wakati wa mashamba kuuzwa na watu kupunguzwa, naye akapunguzwa. Ili asiondoke mikono mitupu akapewa pikapu ya kijani iliyokuwa imelala nyuma ya karakana muda mrefu, hata kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Ilivutwa na trekta hadi nyumbani, mayai mawili yakiwa bado ndani.

Kabla pikapu haijawaka nilimwona baba bila kazi, na sitaki kumwona tena hivyo hata kwenye ndoto. Alikuwa anaamka alfajiri kama kawaida, anavaa ovaroli iliyopigwa pasi, anakaa kwenye benchi mbele ya nyumba. Basi. Watu wakipita wanamwamkia, anaitikia marahaba, halafu anaangalia mikono yake. Lile benchi nililiogopa kuliko mwalimu wetu wa hesabu, ambaye alikuwa na fimbo aliyoipa jina.

Pikapu ilipowaka, mtaa mzima ulijua, kwa sauti na kwa moshi. Baba akaanza kubeba mahindi ya wakulima wa Mamboya, na lile benchi likabaki la kuanikia masufuria. Sisi watoto tuliipenda pikapu ile kupita kiasi. Tukicheza kombolela tulijificha chini yake, tukatoka na oili mgongoni, tukachapwa, tukarudi chini yake. Jioni tulipanda nyuma tukaimba nyimbo za mchakamchaka, gari likiwa limezimwa, na bado tulifika mbali.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka miaka ile. Tulitoka kwenye foleni za sabuni ya mche, ambako mama alinituma nikamshikie nafasi tangu asubuhi, na ghafla maduka yakaanza kujaa. Sabuni za waridi. Biskuti za kwenye makaratasi yanayong'aa. Mitumba ya kuchagua chini, sweta nene za watu wa baridi, tukazivaa kwenye jua la Kilosa tukatokwa jasho kwa furaha. Baba peke yake hakufurahi. Alikuwa akishika kitu kipya anakigeuzageuza, anakinusa, anakirudisha. "Kinang'aa," alikuwa anasema, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa.

Sasa, baba alikuwa na spana moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ilikuwa ndefu, ina mshale na namba, na ukikaza boliti mshale unakuonyesha umetumia nguvu kiasi gani. Boliti za juu ya injini zinataka hivyo. Ukilegeza, gasketi inaungua, ukizidisha, boliti inakatika. Jirani mmoja aliiazima baba akiwa msikitini, akaipanda kwa miguu yote miwili kufungulia nati za tela. Aliirudisha imefungwa kwenye gazeti. Baba aliifunua, akaona mshale umepinda kabisa, akaifunika tena kama maiti.

Akaanza kukaza kwa kukisia. Gasketi ya kwanza ikaungua njiani kutoka Mamboya. Ya pili ikaungua palepale, karibu na jiwe lilelile. Mama yangu alikuwa fundi cherehani, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Asubuhi baada ya gasketi ya pili, akiwa anatia uzi kwenye sindano, akasema bila kuinua macho, "Baba Tatu, ikiungua ya tatu, hili gari liuzwe, tununue mashine ya kusaga. Mashine haipandi mlima."

"Nimesikia," baba akasema.

Baba aliposema amesikia, ujue amekubali na ameumia. Mimi Tatu niliangalia nje, nikaliona benchi na masufuria yake, nikajua litamrudia mwenyewe.

Zilikuja habari kwamba Mikumi, pale kwenye barabara kuu yanapopita malori, kuna duka la vipuri lenye spana za kupimia, tena za namna mbili. Mtu wa leo angeagiza. Baba aliwaza siku tatu. Shida yake haikuwa kuipata. Shida ilikuwa atajuaje kama inasema kweli. Akakata shauri: spana itafungwa kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania vitu, ilale sawa, na kwenye mpini, nusu mita kutoka kwenye boliti, utaning'inizwa uzito unaojulikana. Uzito ukiwa kilo ishirini na nne, spana ya kweli itasoma nusu yake, kumi na mbili. Mawe ya mizani ya dukani hakuyaamini, alisema yamechokonolewa kwa chini.

"Si uchukue jiwe lako ukalipime?" mama akauliza.

"Jiwe litabebwa," baba akasema, akaninyooshea kidole. "Huyu anatembea."

Ndiyo nikapelekwa kwenye ghala la ushirika, kwenye mizani ya kuning'inizia magunia ya pamba. Nikafungwa kamba kwapani, nikapandishwa. Mzee wa ghala nilimwamkia nikiwa hewani. Akaitikia, akamuuliza baba, "Na huyu naye mnamuuza?"

"Soma tu," baba akasema.

Ishirini na nne kamili. Nilijisikia fahari kama mtu aliyefaulu mtihani asiousomea. Baba akatoa kalamu ya wino, akaniandikia mkononi, juu kidogo ya kifundo cha mkono: 24. Halafu akachutama tukaangaliana. "Tatu, mama, sikiliza. Usile. Usinywe. Na haja yoyote uizuie mpaka Mikumi."

Tukapanda basi. Nani asiyekumbuka barabara ile? Vumbi liliingia kwenye basi kama abiria, likakaa. Tulipofika kijiji cha Ulaya basi likachemka, wanaume wote wakashuka kutafuta maji, baba akiwa mbele kabisa, maana injini ya mtu mwingine ilimpa raha. Nikabaki na mama mmoja mnene aliyekaa pembeni yangu, na mapajani alikuwa na bakuli limefunikwa kanga. Akalifunua. Mihogo ya kukaanga, yenye chumvi na pilipili kwa mbali, bado inatoa mvuke. Sijawahi kunusa kitu kama kile tena, na nimekula mihogo mingi.

"Kula mwanangu, mbona umekonda hivyo?"

Mtoto wa enzi zile hakumkatalia mtu mzima chakula. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nikala kipande kimoja kwa heshima na vitano kwa njaa. Akanipa ndizi mbili. Akanimiminia togwa kwenye kikombe cha plastiki, nikanywa, akaongeza, nikanywa. Nilipomwona baba anarudi nikajifuta mdomo kwa mkono, haraka, nikaangalia dirishani kama mtoto wa watu wema.

Duka la Mikumi lilikuwa la kijana mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba. Akatoa spana mbili. Ya kwanza mpya, inametameta, imelala kwenye boksi jekundu lenye kitambaa laini. Hii haina mshale, unaitegesha namba, na nguvu ikifika inalia *ka!* Ya pili ilikuwa iliyotumika, rangi imebanduka, ina mshale na harufu ya kuzeeka. Baba akaomba jiliwa. Akatoa futi ya cherehani ya mama, akapima nusu mita, akaweka alama ya chaki. Madereva wa malori wakakusanyika, maana si kila siku unaona spana inapimwa kwa binti.

Ya kung'aa ikategeshwa kumi na mbili. Nikaishika, na kabla sijakunja magoti ikalia *ka!*

"Unaona, mzee?" kijana akasema. "Nyepesi hiyo, orijino."

"Mtoto bado yuko chini," baba akasema.

Ikategeshwa kumi na tatu, ikalia vilevile miguu yangu ikiwa sakafuni. Baba akairudisha kwenye boksi lake, akalifunga, akalipigapiga kidogo kama anayempa mtu pole.

Ya mshale ikafungwa. Nikaning'inia, nikakunja magoti, nikashika pumzi. Baba akainama kusoma. Mimi nilikuwa naona namba nikiwa kichwa upande: kumi na mbili na nusu.

Nilikuwa nasoma darasa la tatu na hesabu hazikunipenda, lakini hiyo niliifanya palepale, mikono inauma. Ile nusu ilikuwa mihogo, ndizi na togwa. Spana ilikuwa inasema kweli. Mwongo alikuwa mimi. Baba akiamini inazidisha, ataiacha, tutarudi mikono mitupu, pikapu itauzwa. Au ataichukua na kuongeza ile nusu kila boliti, na boliti zitakatika. Neno moja tu lingemaliza yote. Nikalitafuta, nikalimeza likaifuata togwa. Madereva wote walikuwa wananiangalia.

Baba akanishika mkono, akausoma tena ule wino. Ukiangaliwa mkono wako hivyo na baba yako, utajua jasho ni nini. Halafu akaniteremsha.

"Nachukua hii," akamwambia kijana.

Tukarudi nayo nyumbani. Kesho yake akafungua injini, akaweka gasketi mpya, akaanza kukaza. Nilisimama ng'ambo ya boneti. Boliti zile zinataka tisa. Nilisubiri apitilize. Mshale ukagusa tisa, akasimama. Ya pili, tisa, akasimama. Zote kumi. Nikadhani amesahau ile nusu, nikamshukuru Mungu kwa kumpa baba usahaulifu, na siri yangu nikaizika. Gasketi ya tatu haikuungua. Pikapu ilipanda Mamboya, ilipanda hata Vidunda, ikabeba maharusi, wagonjwa na mbuzi, ikanisomesha. Mama hakupata mashine ya kusaga. Alipata cherehani ya pili, akasema yatosha, na benchi lilipooza tukalichoma kuni.

Siku hizi nina gari dogo langu, na nalitengeneza mwenyewe uani, palepale ilipokuwa ikilala pikapu. Mama alishatangulia. Baba naishi naye; amekuwa mwepesi sana, ni mtu wa kliniki kila mwezi na kadi yake mfukoni. Spana ya mshale ilidumu miaka yote hiyo mpaka mwezi uliopita, kijana wangu alipoipanda kwa miguu yote miwili kufungulia nati za tairi. Ni ukoo huu, nadhani. Sikumchapa, watoto wa sasa hawachapwi, wanaongeleshwa. Tukaongea. Akatoa simu, akabonyeza, na baada ya siku mbili mwendesha bodaboda akaleta spana mpya ndani ya boksi. Inang'aa. Inalia *ka!*

"Tutajuaje kama inasema kweli?" nikamuuliza.

"Mama, cheti si kimo humo ndani?" akasema, na macho yakarudi kwenye simu. Ile simu inamhesabia hatua anazotembea na saa anazolala, lakini mwulize ana kilo ngapi, hajui. Sisi tulijua. Sisi tuliandikwa mkononi. Sasa hivi kila kitu kina cheti, na sijui ni nani anaweza kusimama mbele ya watu akaning'inia.

Baba alikuwa kibarazani anasikia. Jioni hiyo aliporudi kutoka kliniki, akakataa chakula. Asubuhi nikampelekea uji wa ulezi anaoupenda, akausukuma. Maji hakutaka. Nikaogopa kwa namna nisiyoweza kuieleza. Nilikaa jikoni na kile kikombe cha uji, nikaangalia utando unavyoganda juu, nikawa natafuta namba ya muuguzi.

Nikasikia fimbo yake inagonga uani. Nikatoka. Alikuwa amesimama kwenye jiliwa, spana mpya ameshaifunga, ameilaza sawa, na futi ya mama iko shingoni mwake. Mkono wa shati ameukunja. Juu ya mkono, kwa wino, kwa mwandiko unaotetemeka: 46.

"Jana saa kumi, kliniki," akasema. "Tangu hapo sijala, sijanywa. Nikishika robo mita natosha. Hesabu hii hapa, nyuma ya kadi."

Nikaigeuza ile kadi, nikaisoma hesabu: robo ya arobaini na sita.

"Mwaka ule ulikula mihogo," akaendelea, akitafuta alama ya chaki. "Wino ulikuwa umelowa mafuta. Nikatoa kilo moja."

"Na hukusema, baba?"

"Watu walikuwa wengi." Akaushika mpini. "Haya, tegesha kumi na moja na nusu."

Nikategesha. Akakunja magoti polepole, baba yangu aliyenipandisha kwenye mizani ya pamba kwa mkono mmoja, nami nikamshika kiunoni asianguke. Spana haikulia.

"Tatu, niachie," akasema. "Unaharibu kipimo."

Sikumwachia.