Winchi za Jumamosi

Moshon Nahmias alikuwa kuli, mtoto wa kuli, mjukuu wa kuli, na ukimwita hivyo kwa dharau alikutazama kwa huruma, kana kwamba umekosa malezi. Kwao Saloniki, kubeba mizigo ilikuwa kazi ya Mayahudi tangu mababu walipofukuzwa Uhispania, na bandari nzima ilifuata kalenda yao. Jumamosi ilifungwa. Meli ya Mturuki, ya Mgiriki, ya Mwingereza, zote zilitia nanga zikangoja, na manahodha walitukana weee mpaka wakachoka wenyewe, maana hapakuwa na migongo ya kuzipakulia. Baba yake Moshon alikuwa na mtindo wake: Sabato mchana, akishakula, huvaa tarbushi yake nzuri, humshika mwanawe mkono, wakaenda gatini kusikiliza kimya. Winchi zimelala, bahari inapiga ukuta taratibu, na mzee anatabasamu kama aliyezizima kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha mambo yakageuka. Mji uliungua, serikali mpya ikaamuru kila mtu apumzike Jumapili, na baada ya miaka michache wahuni wakauchoma moto mtaa mmoja wa maskini wa Kiyahudi. Kwa hiyo walipofika watu wa ofisi ya wafanyakazi kutoka Haifa, Palestina, wakitafuta makuli wa kweli, Moshon hakuwa na maswali mengi. "Ni nchi ya mababu," walimwambia. "Bandari ni mpya. Watu wanasema Myahudi hajui kubeba kitu ila vitabu. Njooni muwaonyeshe." Akamchukua mkewe Joya, mwanawe Eliau, na mkanda wake wa kubebea, akaja.

Jambo moja hakuliuliza, kwa sababu nani angedhani kwamba linahitaji kuulizwa? Bandari ya Haifa ilikuwa chini ya Waingereza, na Jumamosi ilifanya kazi.

Kundi lake lilipewa gati moja kwa majaribio. Gati hilo kabla yao lilikuwa la Abu Khalaf, nyapara wa Kiarabu mwenye mabega mapana, ambaye sasa yeye na watu wake walikuwa wakiokoteza kazi gati la jirani. Meli zilizowaangukia watu wa Moshon ziliondoka Alhamisi au Ijumaa asubuhi. Ilikuwa bahati tu, na Moshon alijua ni bahati. Kila wiki, kuanzia Jumatano, alianza kuhesabu meli zilizo njiani.

Bahati ikaisha katikati ya msimu wa machungwa. Meli iliyocheleweshwa na dhoruba iliingia Ijumaa alfajiri, na matishari ya machungwa, mashua bapa za kupelekea shehena melini, yalikuwa yamejaa yakiisubiri. Mkandarasi wa upakiaji, aliyewapa gati, alikuja na koti la mvua, akasema maneno machache.

"Inaondoka kesho magharibi. Kasha moja likibaki ndani ya tishari, Jumapili nawarudisha watu wangu wa zamani. Moja tu, Nahmias."

Walipakia kama wendawazimu. Makasha yalipanda ngazi ya meli mgongo baada ya mgongo, hakuna aliyekaa kula. Moshon mwenyewe, ambaye kama nyapara angeweza kusimama na kupiga kelele, alibeba pamoja nao, na kila akiweka kasha chini aliinua macho magharibi, maana Sabato huingia Ijumaa jua likizama.

"Nyapara," Davico akamwambia, huyo aliyekuwa hawezi kufa bila kutania, "ukizidi kulitazama jua hivyo litaona haya, lizame mapema."

Watu walicheka. Moshon aliteremka kufuata kasha jingine.

Alasiri akaja Zalman, karani wa ofisi ya wafanyakazi, mzaliwa wa Urusi, kichwa wazi, bila kofia ya dini, kama kawaida yake. Huyu ndiye aliyewapigania mpaka wakapewa gati. Alitazama matishari yaliyobaki, akapiga hesabu haraka, uso ukamshuka.

"Ndugu Moshon, hamtamaliza."

"Walete vijana wako kesho. Wao Sabato hawaijui."

"Wamekwisha jaribu mwaka jana, unajua. Kasha la pili tu waliangushiana miguuni." Zalman akamsogelea. "Sabato moja, ndugu yangu. Nakuomba."

"Moja leo. Wiki ijayo itakuja na dada yake."

"Tumengoja miaka elfu mbili tusimame kwa miguu yetu kama mataifa mengine! Unataka tuipoteze bandari kwa sababu ya mishumaa ya Sabato ya mkeo?"

"Iache mishumaa ya mke wangu," Moshon alisema, na makuli wawili wakasimama na mizigo yao kusikiliza. "Kule ugenini, chini ya Sultani, baba yangu alizilaza winchi. Mimi nimekuja kwetu, kwa hao mababu mnaowaimba, halafu niziamshe kwa mkono wangu?"

"Kule mlikuwa wageni mnaoomba kupumzika."

"Hatukuomba."

Zalman aligeuka kuyatazama tena matishari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekesha akiogopa jambo lile lile, kwa njia yake tu.

Jua lilipoegemea bahari, tishari moja lilikuwa bado limejaa. Watu walivua mikanda yao wakamtazama nyapara. Kama angesema endeleeni, wangeendelea, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

"Nendeni kwa wake zenu," alisema. "Osheni mikono. Sabato njema."

Yeye alikwenda gati la jirani, mbio mbio, kabla nyota hazijatoka. Abu Khalaf alikuwa ameketi juu ya gunia akivuta sigara.

"Baba Eliau! Mbona unahema? Umeiba?"

"Nimebakisha tishari moja. Kesho siwezi kuligusa."

Abu Khalaf alicheka mpaka akakohoa. "Bwana we! Umevuka bahari kuja kuninyang'anya gati, sasa unanirudishia mwenyewe? Kesho nikikaa tu hapa na kahawa yangu, Jumapili gati ni langu. Hata kidole sihitaji kuinua."

"Najua."

"Na bado umekuja."

"Ningekwenda kwa nani?" Moshon alisema. "Sikiliza. Jumamosi zote chukua wewe, meli zako na zangu, ujira wake wako. Ijumaa adhuhuri watu wako wakienda kuswali, mkandarasi asiwakate ujira. Sisi tutawashikia kazi mpaka mrudi. Kila Ijumaa, madhali nina mgongo."

Mwarabu aliizungusha sigara vidoleni. Alikuwa hacheki tena.

"Inshallah," alisema.

Moshon alikua kati ya Waturuki, alizijua inshallah za kila namna: ya ndiyo, ya hapana, na ya ondoka mbele yangu. Alirudi nyumbani akiigeuzageuza ile moja asijue ni ipi. Joya alikuwa amekwisha washa mishumaa.

Asubuhi alisali sinagogi, midomo ikitaja maneno na moyo uko bandarini. Nyumbani Joya alimwekea mayai yaliyoiva usiku kucha kwa maganda ya vitunguu, yenye rangi ya kahawa, kama ya Saloniki kabisa. Alimenya moja akalishika tu.

"Kula, baba Eliau. Yai halijakukosea."

"Nitakula nikirudi."

"Unakwenda huko? Basi mchukue mtoto, kama mzee alivyokuwa akikuchukua wewe."

"Leo hapana."

Akafunga leso yake kwenye kifundo cha mkono, maana Sabato habebi kitu hata mfukoni, akateremka barabara ya bandarini. Alikuwa hajafika kwenye uzio alipogundua kwamba hasikii kitu.

Kimya. Winchi zimesimama. Gatini hapana mtu. Tishari lilikuwa pale pale, nusu yake ina makasha bado, na meli ilikuwa imeanza kutoa moshi. Bahari ilipiga ukuta taratibu. Kilikuwa kimya kile kile cha utoto wake, hakikupungua hata kidogo, alichokuwa amekiota miaka yote, na sasa kilimtisha.

Wameacha katikati, wamekaa. Wanakunywa kahawa. Kichwani alimwona Davico bila kazi, aliwaona wake wa wenziwe wakiuza vyombo, alimwona Zalman akimwambia nilikuambia, na mkandarasi akiwaonyesha lango. Na watu kila mahali watasema, tulijua, Myahudi na mzigo wapi na wapi. Alizishika nyaya za uzio kwa mikono miwili.

"Mola wa ulimwengu," alinong'ona, "ziwashe. Nakusihi, ziwashe."

Nyuma ya ghala wakatokea watu, mikono ya kanzu imekunjwa, nyuso zingali na maji ya udhu, mmoja akipangusa vumbi la sijda kipajini. Walikuwa wakiswali adhuhuri. Abu Khalaf alikuwa wa mwisho. Alimwona Moshon akapaza sauti.

"Umekuja kunichunga? Nenda ukalale, mzee! Si ndiyo siku yako?"

Winchi ikakohoa, ikaguna, ikanguruma. Kasha jingine likapanda.

"Ashukuriwe Mungu!" Moshon alisema kwa sauti, machozi yakimtoka kwa furaha. Alisimama hapo mpaka tishari likawa tupu, na ndipo yale maneno yake mwenyewe, ziwashe, nakusihi, yalipomrudia masikioni: mwana wa mtu aliyezilaza winchi amemwomba Mungu aziamshe siku ya Sabato.

Alipanda mlima polepole. Joya alikuwa mlangoni.

"Kukoje?"

"Wamemaliza. Gati limebaki letu."

"Basi mshukuru Mungu."

"Nimekwisha mshukuru," Moshon alisema, akaketi kitandani na kiatu kimoja mkononi, akalia. Eliau alikuja kusimama mbele yake akamwuliza bandarini kulikuwa na nini.