Kipande cha Torcuil

Kwa miaka arobaini na sita Marsaili hakukosa ibada hata moja katika kanisa la Borgadal, na kwa miaka yote hiyo hakuketi kwenye Meza ya Bwana hata mara moja. Mgeni angeshangaa. Kwetu hashangai mtu. Wengi wa kisiwa hiki tunazeeka na kuzikwa tukiwa wasikilizaji tu, kwa sababu meza ni ya wale wenye hakika kwamba Mungu amewaita, na mtu mwenye akili zake atasimamaje mbele ya majirani wanaomjua tangu anatambaa adai kwamba hakika hiyo anayo? Katika watu mia nne, wanaokwenda hawafiki thelathini. Sisi wengine tunabaki vitini tunawatazama, na tukishatoka nje tunajadiliana nani kati yao hakustahili.

Marsaili alikuwa mfumaji wa vitambaa vya sufu. Banda lake lilikuwa nyuma ya nyumba, na kutwa nzima ungesikia mtambo wake ukigonga, isipokuwa Jumapili, siku ambayo kwetu hata maji hayatekwi. Ulimi wake ulikuwa mkali. Alipokuwa na miaka tisa, mwalimu wa katekisimu alikuja nyumbani kwao, akaketi kando ya moto wa mboji iliyokaushwa, kuni za kisiwa chetu, na kuwafundisha kwamba mtu huzaliwa mfu katika dhambi, hawezi hata kutamani kumgeukia Mungu mpaka Mungu mwenyewe amvute. Yule mtoto akanyoosha mkono.

"Kama siwezi kuja, mbona naadhibiwa kwa kutokuja?"

"Huwezi kwa sababu hutaki," mwalimu akamjibu.

"Na kutaka je, naweza?"

Baba yake alimtoa nje kwa sikio. Wasomi wa bara wamegombania jambo hilohilo kwa mamia ya miaka na kuandika vitabu vya kujaza banda, na kitoto chetu kilifika hapo kwa sentensi mbili. Sikio lilipona. Swali likabaki.

Aliolewa na Torcuil, mvuvi mkimya ambaye sentensi zake za wiki nzima ungeweza kuzibeba mfukoni. Mwaka wa pili wakapata mtoto wa kiume. Walimchagulia jina, lakini jina kwetu halitajwi kabla ya ubatizo, na baba hapewi ubatizo wa mtoto mpaka ajibu maswali ya baraza la wazee wa kanisa. Torcuil alivaa koti lake la Jumapili akaenda. Alirudi akasema wamemwambia arudi baada ya wiki mbili. Marsaili alimuuliza kwa nini, akajibu kwamba hakujibu vizuri, akatoka kwenda kutazama kondoo.

Mtoto alikufa siku ya tisa. Walimzika kwenye kaburi la babu yake bila jina, na hawakupata mwingine. Jina lile hawakulitamka tena, hata wao kwa wao. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, lakini yeye aliendelea kuitwa Marsaili wa Torcuil, kama bibi harusi, mpaka mvi zikamjaa. Liliuma, na hakumwambia mtu.

Toka siku hiyo aliichukia ile meza. Kanisani alikwenda, maana kumwacha Mungu hakuweza na zaburi alizipenda, lakini chakula cha nyumba iliyomfungia mtoto wake mlango alisema hatakigusa. Alitaka kwanza aambiwe mtoto yuko wapi. Kama watoto wachanga nao wana hatia, wasiojua hata kugeuza shingo, basi haki ya Mungu ni ya namna gani? Aliyabeba hayo mtamboni, na mguu ukakanyaga, na kitambaa kikaongezeka.

Kisha likaja jambo la Torcuil. Alipokuwa na miaka hamsini, bila kumwambia mkewe, alikwenda kwa wazee Jumamosi ya ushirika, siku moja kabla ya Meza ya Bwana, akaomba kipande. Kipande ni kidude cha madini ya risasi, ukubwa wa kifungo cha koti, chenye herufi ya kanisa. Wazee hukitoa Jumamosi kwa wale wanaowaona wanafaa, na Jumapili mtu hukirudisha mezani mkononi mwa mzee. Bila kipande hakuna kuketi. Torcuil akapewa. Jumapili zaburi ilipoanza, aliinuka, akatembea mpaka katikati ya kanisa, akasimama. Kanisa zima liliona. Akageuka, akarudi kwenye kiti chake kando ya Marsaili, na hakujaribu tena mpaka kufa.

Siku ile Marsaili alimpakulia viazi na samaki wa chumvi. Moyoni alimwona mwoga, mtu wa kuanza asimalize, kama alivyoanza na baraza asimalize siku mtoto alipohitaji jina. Alimpikia na kumfulia miaka mingine ishirini na minne huku akimwona hivyo. Naye Torcuil hakujitetea.

Torcuil alikufa mwezi wa pili. Mwezi wa tatu, wiki ya ushirika, Marsaili alikuwa anakunjua kizibao cha mumewe cha Jumapili ili ampe jirani, vidole vyake vikagusa kitu kigumu ndani ya bitana. Alifumua mshono. Kilikuwa kipande. Torcuil hakukirudisha. Alikuwa amekishona humo mwenyewe, kwa mishono mikubwa ya wavuvi wanaoshona nyavu, upande wa moyo.

Jirani mwenyewe ni Dolina, ambaye wiki hiyo alikuwa na wageni kumi na mmoja kutoka parokia nyingine na vitanda vinne. Aliingia akiwa na ndoo ya viazi vya kumenya, kwa kuwa Jumapili hakimenywi kitu.

"Mwenzangu, hicho ni cha kanisa," alisema Dolina alipokiona. "Rudisha kabla hujafa nacho. Utafika huko uulizwe ya mwizi badala ya ya mkaidi."

"Nitakirudisha leo."

"Leo Jumamosi? Watadhani unakwenda kuomba chako."

"Wadhani."

Na walidhani. Ibada ya maandalizi ilipokwisha, wenye kuomba vipande walipanga foleni kwenye chumba cha baraza, na Marsaili akasimama nyuma yao na shali yake nyeusi. Shingo zilipinda kanisa zima. Aliyekaa mezani mle ndani ni Finlay, mzee wa kanisa mkubwa kuliko wote, miaka sabini na minane, mtu aliyekuwa anaheshimiwa na kuogopwa kwa kiasi kilekile. Wazee wengine wawili walikuwa wametoka na mchungaji. Finlay alipomwona Marsaili anaingia, machozi yalimlenga.

"Nimekuombea miaka mingi, dada," alisema. "Keti. Nitakuuliza taratibu."

"Usiniulize kitu, Finlay. Nimeleta mali yenu." Akaweka kipande mezani. "Cha Torcuil. Alikificha. Kuanza aliweza, kumaliza hakuweza. Msamehe."

Finlay hakukigusa. Alikitazama mpaka Marsaili akaanza kufunga shali yake aondoke, ndipo akamwomba asiende. Alimweleza kwamba jioni ya Jumapili ile, Torcuil alikuja kwake kutaka kukirudisha, na Finlay akakataa kukipokea. Alimwambia akae nacho mpaka atakaporudi mezani.

"Nilimuuliza kilichomgeuza," Finlay alisema. "Akaniambia: nilipofika katikati nilikumbuka nani nimemwacha kitini. Sitakula pale ambapo mama wa mtoto wangu hawezi kula."

Marsaili aliketi. Alikuwa amesimama miaka ishirini na minne juu ya jambo ambalo halikuwepo. Alimfikiria Torcuil akila viazi vyake kimya, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekwambia hayo, angelazimika kukwambia na ya kwanza." Finlay alivua miwani. "Siku alipokuja kuomba ubatizo. Maswali ya kitabu aliyajibu yote. Alikiri kwamba mtoto amezaliwa katika dhambi kama sisi sote. Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, mzee mpya wa kanisa, najiona nina bidii. Nikaongeza langu. Nikamuuliza: je, Mungu akimtupa mtoto huyu leo, utasema ametenda haki? Akanitazama tu. Nikamwambia arudi baada ya wiki mbili."

Nje watu walikuwa wanaagana na farasi wanafungwa kwenye mikokoteni. Marsaili alisikia kila kwato. Hasira aliyoitunza ilikuwa kubwa, na sasa ilikuwa na mtu wa kumwangukia. Alishangaa kuona kwamba haitoki.

"Basi nijibu wewe," alisema. "Akimtupa, ametenda haki?"

"Bado naamini tumezaliwa tumeharibika. Nikitaka ushahidi najitazama. Lakini swali lile halikuwa la Mungu, lilikuwa langu. Mtoto wako yuko wapi sikuambiwa. Ninachojua ni kwamba hayuko mikononi mwangu, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku."

"Na miaka yote hii ulishindwa kuja kuniambia?"

"Nilifika mlangoni kwako mara tatu. Nikasikia mtambo, nikarudi."

"Hukuweza au hukutaka?"

Finlay alifikiri kwa kweli, kama mwanafunzi. "Sijui, Marsaili. Nimefundisha jambo hilo karibu miaka hamsini na sijui."

Ndipo akamuuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza: mtoto walitaka kumwita nani. Marsaili alifungua mdomo, jina likakataa kutoka kwa kukaa sana. Mara ya pili likatoka.

"Iomhar."

Finlay alikisukuma kipande mpaka mbele yake. Alisema kwamba baraza lilikitoa kwa nyumba ile na halijakifuta, na wenzake atawaeleza yeye jioni hii, pamoja na dhambi yake ya zamani. Kipande kinarudi mezani kwa Bwana, si mezani kwake. Akija, aje nacho. Asipokuja, azikwe nacho, na hakuna atakayemwita mwizi.

"Sina hakika yoyote," Marsaili alisema.

"Nami sina nyingi."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka ngazini. Vitambaa vyeupe vilitandikwa kwenye viti vya mbele, mchungaji akaonya nani asithubutu kusogea, na orodha yake, kama kila mwaka, ilitutosha sote. Marsaili alikuwa kwenye kiti chake, upande wa Torcuil mtupu. Zaburi ikaanza, mwongozaji akitoa mstari na sisi tukimfuata kwa sauti ndefu zinazopishana. Mstari wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Dolina alinibana mkono mpaka ukaniuma.

Marsaili akainuka. Alitembea mpaka katikati, pale mumewe alipogeukia, akasimama. Tulivuta pumzi sote. Baadaye alimwambia Dolina kwamba hata leo hajui kama alivutwa au alikwenda mwenyewe. Alichokijua ni kwamba zulia lilikuwa linapita chini ya viatu vyake tena, na hakuwa ameliacha swali lake nyuma, alikuwa amekuja nalo.

Finlay alikuwa anapita mezani akikusanya vipande. Kazi hiyo hufanywa kimya. Tangu kanisa lijengwe hakuna mzee aliyewahi kufungua mdomo wakati huo. Marsaili alifika, mahali pakawa hapana, na mkononi ana kile kipande kilichochakaa. Finlay akakipokea. Kisha akamwinamia mwanamume aliyekaa mwisho wa benchi, akasema kwa sauti tuliyoisikia mpaka nyuma:

"Sogea kidogo, Mama Iomhar akae."